Destin Ajifunza Kunyamaza

Ukimtafuta Destin Byamungu katika soko la Jabe mjini Bujumbura, huna haja ya kuuliza meza yake iko wapi. Simama tu mlangoni utege sikio. Sauti yake itakufikia kabla hujaviona viatu vyake. Anauza viatu vya mitumba, vya wanaume na vya watoto wa shule, na kila mguu ana neno lake. Mguu mpana anausifu, mguu mwembamba anausifu zaidi, na mwenye vidole vilivyopinda husimuliwa habari za mwami mmoja, mfalme wa Bushi huko Kongo, aliyekuwa na vidole vya namna hiyo hiyo, akapendwa na nchi nzima. Mwami huyo hakupata kuwako duniani, lakini mteja huondoka anacheka na viatu viko mkononi.

Destin ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Alivuka mpaka wakati wa vita, kijana aliyetoka kumaliza sekondari, akidhani atakaa Bujumbura mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia upesi. Akapata meza Jabe, akapata mke, Irène, fundi wa kufuma sweta za shule, wakapata binti wawili. Mkubwa aliitwa Orpha, na ndiyo maana nyumbani Destin akaitwa Papa Orpha. Irène alikuwa kinyume chake kabisa. Maneno yake aliyapima kama mtu anayepima chumvi.

Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, walikuwa wamemaliza kula. Destin alikuwa anasimulia mambo ya wateja wake: nani amekosana na mama mkwe, nani usingizi umemkimbia, na yeye amewashauri nini. Irène alikuwa anakunja nguo. Bila kuinua kichwa akasema, "Papa Orpha, kama unapenda mambo ya watu namna hii, si uende kuisomea?"

Ilikuwa mzaha. Destin akacheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Usiku ule hakuongea tena sana, na wiki iliyofuata alikuwa amejiandikisha katika chuo kikuu kimoja cha binafsi kilichofundisha saikolojia jioni, baada ya saa za kazi.

Akayapenda masomo kama mtoto anavyopenda mvua. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana, wakamwita Papa Destin. Kila siku alirudi na jina la jambo ambalo watu wa Jabe walikuwa wakiliishi bila kulijua jina: namna kumbukumbu inavyojishona viraka, namna woga unavyofundishwa na unavyoweza kusahaulishwa. Asubuhi alimweleza yote Ilias, jirani yake sokoni, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi aliyeshona mikanda na mabegi. Ilias aliamini kwamba huko chuoni wanafundisha kusoma mawazo. Akataka jirani yake amwambie anawaza nini. Destin akamtazama akasema anawaza chai. Ilikuwa saa ya chai, na Ilias akaondoka akitikisa kichwa kwa heshima.

Takwimu ndizo zilizomtoa jasho. Aliyemwokoa ni Amira, binti wa miaka ishirini, mtoto wa mwenye duka, ambaye namba zilimtii kama kondoo. Alimfundisha Destin hesabu, naye Destin alimlipa kwa hadithi. Hivyo wakavuka mwaka wa kwanza na wa pili, na alama za Destin zilikuwa nzuri, maana katika mitihani ya kuandika, mtu mwenye maneno mengi hufaidi.

Mwaka wa tatu likaja somo la kusikiliza.

Mwalimu wake alikuwa Madamu Lisette, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye darasa zima lilinyamaza ili limsikie. Siku ya kwanza aliwaweka wawili wawili mbele ya wengine waigize. Amira alikuwa mgonjwa, Destin alikuwa mtabibu. Amira akakaa, akainamisha kichwa, akasema kwamba siku hizi hapati usingizi.

Destin akadaka neno lile kama kipa. Akamwambia asiogope, usingizi ni mgeni, haumpendi anayeuwinda. Akamshauri anywe maziwa ya moto. Akamsimulia mjomba wake wa Uvira aliyekosa usingizi msimu mzima kwa sababu ya mbuzi wa jirani, na jinsi alivyoupata siku aliyomnunua yule mbuzi. Alipomaliza, muda nao ulikuwa umekwisha. Alijiona amefanya vizuri sana.

Madamu Lisette akamwuliza mgonjwa wake anaitwa nani. Destin hakujua. Ana mume, ana watoto? Hakujua. Je, ni kitu gani kinachomnyima usingizi? Hilo nalo hakujua.

"Na we, Amira," akasema Madamu Lisette, "unajua nini juu ya mutabibu wako?"

"Najua mujomba wake anaitwa Fortunat," akasema Amira, akijizuia asicheke. "Alikuwa na mbuzi. Na maziwa ya baridi inamuumiza tumbo, Papa Destin, si mujomba."

Darasa likaanguka kwa kicheko, na Destin akacheka kuliko wote. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kile kikageuka kitu kingine. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Yeye aliona kwamba kwa miaka yote amekuwa akisema pweke mbele ya watu waliojaa.

Madamu Lisette alimpa zoezi lake peke yake, tofauti na wengine. Mtu akisema nawe, alimwambia, mwache afike mwisho wa neno lake. Kisha vuta pumzi, uitoe. Ndipo useme, kama bado kuna haja ya kusema.

Destin akaanzia sokoni. Mteja wa kwanza alikuwa mama aliyemtafutia mwanawe viatu. Akakigeuza kiatu, akauliza kama kitadumu. Destin akavuta pumzi. Yule mama akamtazama, akakirudisha kiatu mezani polepole, akaenda zake. Wa pili naye akaenda. Ilias akaacha mkanda wake, akaja kumwuliza kama ana malaria. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imezunguka soko kwamba Destin amefiwa huko Uvira, na mama mmoja muuza nyanya akaja kumpa pole, akambembeleza ajikaze. Destin alihitaji mchana wote kuwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, na kwa kueleza hivyo akawa amelivunja zoezi lake.

Nyumbani, Irène alianza kwa kumgusa paji la uso. Halikuwa la moto. Akamwuliza kwa upole kama amepata mwanamke mwingine. Destin akasema hapana, ni kazi ya chuo, ameambiwa asikilize. Irène akaliwaza hilo. Kisha akaendelea kula, na Destin naye akala, na mezani pakawa na ukimya ambao hapakuwahi kuwa nao tangu waoane. Walisikia hata redio ya jirani.

Kisha Irène akasema, "Mi sipendi ndagala."

Destin alifungua kinywa. Akakumbuka, akavuta pumzi.

"Sijawahi kuipenda," akasema Irène, akizitazama ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye sahani. "Ile wiki ya kwanza ya ndoa uliileta, ukasema, bibi yangu anapenda ndagala kuliko kitu yote. Ukaambia mama yako. Ukaambia watu wa kanisa. Mi nilikuwa nangoja umalize niseme. Sasa kila mutu akikuja hapa ananiletea ndagala."

Ilikuwa kweli. Kwenye harusi, ubatizo na Noeli, ndugu wa pande zote walimfungia Irène ndagala kama zawadi ya pekee, naye alipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Destin aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, na Irène naye akacheka, akiwa ameshika tumbo, na watoto wakaja mlangoni kuona kuna nini. Walipotulia, Destin akangoja tena. Irène akaanza kumweleza juu ya mama yake aliyebaki Fizi huko Kongo, kwamba kila mvua ikinyesha anamwona akianua mahindi. Akamweleza rangi za nyuzi anazozichukia, na wimbo wa kwaya anaouimba kimoyomoyo mashine ikimchosha. Chai ikapoa vikombeni. Destin alijiona kama mtu aliyekaa nyumba moja miaka mingi katika chumba cha mbele tu, leo ndiyo anapitishwa ndani.

Basi alipopelekwa mafunzo ya kazi katika kituo kimoja cha afya Gasenyi, kaskazini mwa mji, alikwenda kifua mbele. Kunyamaza alikuwa amekwisha kukujua, au hivyo alivyodhani.

Wakampa mzee mmoja, Mzee Shakuru. Alikuwa fundi magari wa Buyenzi, mtu wa zamani wa mji huu, aliyefundisha kazi nusu ya mafundi wa mtaa wake. Mkewe alifariki mwaka uliotangulia. Tangu siku za matanga, alieleza binti yake Asiya aliyekuwa anamtunza huko Gasenyi, baba yake anakula, anaswali, anasalimia watu kwa mkono, ila hasemi. Madaktari walimkagua koo na kichwa wasione kasoro.

Destin akakaa mbele yake. Akajitambulisha, akangoja. Mzee alitazama dirishani. Destin akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta nyingine. Ukimya wa Irène ulikuwa kama maji ya ufukoni, ungeweza kusimama ndani yake miguu ikagusa chini. Huu haukuwa na mwisho. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa anasimulia siku aliyovuka mpaka na bibi yake mzaa baba, na jogoo ambaye bibi alimficha ndani ya sufuria, na jinsi jogoo alivyoanza kuwika mbele ya askari wa forodha. Mzee Shakuru akafumba macho. Alipokuwa bado anamweleza masharubu ya yule askari, muda ukaisha, na Asiya akaja kumchukua baba yake.

Alimweleza Madamu Lisette kila kitu, hakuficha hata masharubu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Leo nani alikuwa mugonjwa?"

Destin alingoja kuondolewa. Hakuondolewa. Madamu Lisette alimwambia arudi, na kwamba kuujaza ukimya wa mzee si kazi aliyotumwa. Akae naye ndani ya ukimya huo, kama mtu anavyokaa na mwenzake chini ya paa moja mvua ikinyesha.

Akarudi. Wiki ile hawakusema kitu, na iliyofuata, na nyingine tena. Msimu wa mvua ulikuwa umefika, na bati la kituo lililia kwa matone makubwa, kuku wa jirani wakiingia barazani kujificha. Siku za kwanza Destin aliteseka kama mfungaji saumu anayepita mbele ya wauza mishikaki. Kisha, hata yeye hakujua lini, akaacha kuteseka. Akaanza kumwona mzee. Aliona makovu ya moto mikononi, na namna dole gumba la kulia lilivyokuwa likisugua kidole cha shahada taratibu, kama linapima uzito wa msumari. Aliona kwamba mvua ikizidi, mzee huinamisha kichwa upande, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Destin hakuuliza. Walikaa tu. Wakiagana mzee alimpa mkono, na mkono ule ulizidi kukaa katika mkono wake kidogo kila mara.

Siku moja mvua ilikuwa imekatika, na nje jua likawaka juu ya madimbwi. Mzee Shakuru aligeuka kutoka dirishani akatazama chini.

"Viatu yako inakubana," akasema.

Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa sauti. Maneno mia yalimjia kinywani, pamoja na habari za mwami wa Bushi. Akavuta pumzi.

"Ndiyo, muzee. Inanibana."

"We si unauza viatu?"

"Nauza. Hii niliona ni mizuri, nikajiwekea. Haikuwa ya mi."

Mzee akacheka puani. Destin hakumfuata kwa swali. Nje mtu alikuwa anafagia maji. Mzee alipoanza tena, alisema polepole, akitafuta kila neno mahali alipoliacha.

"Bibi yangu alikuwa anaongea," akasema. "Asubuhi mupaka usiku. Maneno ilikuwa yake, mi nilikuwa nasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mu nyumba. Sasa watu wanakuja, wananiuliza, muzee, mbona husemi? Niseme nini? Mi sikuwahi kuanza. Alikuwa anaanza yeye."

Machozi yakamteremka, naye hakuyafuta. Destin alikaa. Huko barazani Asiya, aliyekuja kumchukua baba yake, alikuwa amesikia ile sauti kupitia mlangoni. Akakaa kwenye benchi, akajifunika mdomo kwa ushungi, akimshukuru Mungu kwa kunong'ona ili asiikatize.

Baada ya kitambo mzee akapangusa uso kwa kiganja. "Na ule jogoo," akasema, "mwisho ilikuwa je?"

Destin hakuelewa upesi.

"Ule wa mu sufuria. We uliniacha kwa askari. Sikulala siku ile. Nilifunga macho nisikie vizuri. Nyumba ilikuwa kama imejaa tena."

Hapo Destin alikuwa katika mtihani mgumu kuliko wa takwimu, maana hakuna mwalimu aliyemwambia la kufanya ukimya unapoomba hadithi. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaona kwamba mara hii kuna haja ya kusema. Akasimulia kwa ufupi. Askari aliuliza ni nini kinachowika kwenye sufuria. Bibi akamjibu kwa uso mkavu kwamba ni tumbo lake, hajala tangu jana. Askari akawahurumia, akawapitisha mbele ya watu wote.

Mzee Shakuru alicheka mpaka akakohoa. Asiya akaingia mbio, akamkuta baba yake amemshika Destin bega, akimwambia kwamba hata marehemu angeipenda hadithi ile, na angeiharibu kwa kuirefusha.

Madamu Lisette alielezwa yote. "Maneno nayo ni dawa," akasema mwishowe. "Shida yako ni kwamba ulikuwa unaimeza mwenyewe."

Kazi yake ya mwisho wa masomo, ile ambayo chuoni wanaiita memwari, Destin akaiandika juu ya ukimya katika mazungumzo ya tiba. Aliomba ruhusa ya mzee na kulibadilisha jina lake, ingawa mzee alinung'unika kwamba angependa lake liwemo. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu mara mbili ya kiasi kilichoruhusiwa. Madamu Lisette alikata, Destin akaugulia, kisha akakubali kwamba kilichobaki kinasomeka.

Siku ya kuitetea kazi ile mbele ya wakaguzi, Irène alivaa kitenge kipya na kukaa safu ya mbele na binti zake. Ilias alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Amira, aliyekuwa ametetea yake siku chache kabla, alimkagulia Destin tai. Naye akaeleza kazi yake ndani ya muda aliopewa, jambo ambalo Irène alilishuhudia kwa macho yake na bado hakuliamini.

Ndipo mkaguzi mmoja, bwana mwembamba aliyetoka chuo kingine, akashusha miwani. Akauliza: anajuaje kwamba mzee alisema kwa sababu ya ukimya wa mtabibu? Huenda muda ulikuwa umepita tu, na huzuni imepungua yenyewe.

Destin akavuta pumzi, akaitoa. Alimtazama yule bwana, akatazama meza. Ukumbi ukasubiri. Ilias akamwinamia Irène akanong'ona kwamba betri imekwisha. Irène akamfinya.

"Sijui," akasema Destin. "Mtu mmoja hawezi kunionyesha hilo. Ningehitaji kukaa na wengi, na kuwalinganisha na wengine waliotibiwa kwa njia nyingine. Ninachoweza kusema ni kwamba siku aliyotaka kuanza, palikuwa na nafasi ya kuanzia."

Mkaguzi akavaa miwani yake vizuri, akaandika kitu, akatabasamu. Wakaguzi walipotoka na kurudi, walimsimamisha Destin wakatangaza kwamba amepata shahada yake kwa heshima. Neno lilikuwa halijamalizika pale Irène, mwanamke yule wa maneno ya kupima, alipopiga vigelegele vilivyofanya watu wa vyumba vingine wafungue milango. Akapiga vya pili. Orpha na mdogo wake wakamfuata, na Amira, na mwishowe Madamu Lisette mwenyewe, kwa ile sauti yake ndogo.

Jioni Jabe ikajaa. Kulikuwa na mishikaki, ndizi za kukaanga na soda za kila rangi, na Asiya alileta sambusa sinia nzima kutoka kwa baba yake. Watu walipodai hotuba, Destin alisimama, akawashukuru wote mmoja mmoja, akaanza hadithi, akaiacha njiani akashika nyingine, na hakuna aliyemzuia. Mama wa nyanya alisema sasa ndiyo anaamini kwamba hakufiwa.

Siku hizi Destin huenda kituoni Gasenyi siku mbili kwa wiki, ambako wamemwajiri, na siku zilizobaki yuko kwenye meza yake. Jumapili baada ya kanisa huwakuti nyumbani. Irène ameamua kujifunza kuendesha gari. Huenda Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako barabara ni pana na malori hupumzika siku hiyo, Ilias akiwa mwalimu ndani ya korola yake kuukuu. Destin hukaa nyuma na watoto, magoti yamegusa kidevu. Gari huzimika, huwaka, hurukaruka kupita maghala yaliyofungwa. Jumapili iliyopita Irène alilipeleka mpaka mwisho wa barabara bila kulizima, akaligeuza mwenyewe, akawa anacheka peke yake nyuma ya usukani huku akiwahadithia wote, bila kupumzika, kila alichokuwa anakifanya.